Mistari Iliyolala Kidoleni

28 Agosti

Nimeolewa siku kumi na mbili sasa, na bado mtu akiniambia "mume wako" nageuka nyuma kutazama anaambiwa nani. Daftari hili lilibaki nilipomaliza sekondari. Kurasa za mbele zilikuwa na hesabu, nimezichana. Zilizobaki zote ni za Lereko. Nitaandika kila neno atakalosema. Leo asubuhi amesema, "Chai imekolea." Laiti ningeweza kuandika na sauti yake!

Mipichi ya hapa kwao, kijiji cha Ha Lephatšoe, Lesotho, imechanua yote kwa pamoja, kama iliyosikia kwamba kuna harusi. Upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sukari. Sijali. Nafagia mara tatu kwa siku na kila mara naimba.

Hata jina langu ni jipya. Nilikuja hapa nikiitwa Puseletso. Siku waliponichinjia kondoo, mama mkwe alinivisha gauni na shali, akanifunga kitambaa kichwani, akatangaza mbele ya ukoo kwamba mimi sasa ni 'Makarabo, mama yake Karabo. Karabo mwenyewe hajatungwa bado, lakini majirani wameshaanza kumuulizia hali yake.

2 Septemba

Nieleze kazi ya mume wangu, maana watu wakiisikia hucheka. Lereko huchora nakshi za plasta. Ndiyo, hizi za kubandika kwenye kidonda. Karakana yao iko Maputsoe, karibu na daraja la kuvukia Afrika Kusini, na wako watano tu pamoja na mwenye karakana, Ntate Mokhothu, yaani Mzee Mokhothu. Kuna mashine ya kuchapa, mashine ya kukata, na meza moja dirishani, na kwenye meza hiyo anakaa mwanamume mzuri kuliko wote wa wilaya ya Leribe.

Shirika linalosimamia zahanati za milimani linatafuta plasta za watoto, zenye mapambo, ili mtoto akichomwa kidole kupimwa damu asiogope kurudi. Wataamua kabla ya Krismasi. Wakichukua za Lereko, karakana itaishi. Wasipochukua, Ntate Mokhothu atafunga, na Lereko ataenda Rustenburg, ng'ambo ya mpaka, kwenye mgodi wa platinamu, ambako binamu yake Moeketsi ni kiongozi wa zamu na amesema nafasi zitafunguliwa Januari. Miezi kumi na moja mgodini, mwezi mmoja nyumbani. Baba yake aliishi hivyo mpaka kifua kikamshinda.

Nimeandika hayo mara moja ili nisiyaandike tena. Hayatatokea. Ni nani atakayeona michoro ya Lereko aikatae?

8 Septemba

Jumapili. Tumekaa nyuma ya nyumba, mgongo ukutani kwenye jua, akanifundisha kazi yake kwa kuchora nyuma ya kalenda. Sikujua kitu kidogo kiasi kile kina sheria nyingi!

Nyekundu hairuhusiwi, mama atadhani damu imepenya. Kahawia hairuhusiwi, itaonekana uchafu. Kuna vitobo vya kupitisha hewa, na vitobo havimjali mchoraji: mwaka jana alichora ndege, kila ndege akatobolewa jicho, watoto wakalia. Mashine ya kukata nayo haina macho, inakata popote, kwa hiyo nakshi lazima ipendeze hata ikikatwa katikati.

"Kama mapenzi," nikamwambia.

"Mapenzi yanakatwaje katikati?"

"Hayakatwi. Ndiyo maana yanapendeza."

Akasema, "Mama Karabo, wewe ungefaa kuandika maneno ya kadi za posta." Nimekaa na sentensi hiyo siku nzima.

12 Septemba

Nimempelekea chakula kazini. Ausi Keneuoe, yaani dada Keneuoe, yule wa mashine ya kukata, akanipokea mlangoni kwa kelele: "Jamani, bi harusi amekuja kukagua mali yake! Lereko, kaa wima!" Kisha akanionyesha plasta za kawaida wanazotengeneza, zile za rangi ya waridi iliyofifia. "Zinaitwa rangi ya ngozi," akasema. "Nimefanya kazi hapa miaka sita, bado namtafuta mwenye ngozi hiyo."

Ntate Mokhothu ni mtu mkimya mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alinishukuru kwa chakula ambacho hakikuwa chake.

15 Septemba

Upepo. Vumbi. Ugali na mboga. Furaha.

19 Septemba

Leo nimemsaidia mume wangu! Mimi!

Lereko amekwama wiki nzima. Amechora kondoo, kofia za nyasi, farasi, na yote yanaonekana kama vitu vya kuuzia watalii. Leo mama mkwe alikuwa ameanika blanketi lake kubwa kwenye kamba, lile lenye nakshi za mahindi, la bluu na rangi ya haradali. Jua likaliangaza kwa nyuma, na ile mistari myembamba iliyosimama kutoka pindo hadi pindo ikawaka kama imechorwa kwa moto. Nikapiga kelele.

"Lereko! Mistari! Weka mistari ya blanketi, na mahindi katikati!"

Hakuna mtoto wa Kisotho ambaye hakubebwa ndani ya ile mistari. Mistari ya blanketi husimama, toka miguuni kwenda kichwani, na mtu hukua kuifuata. Huwezi kulivaa blanketi mistari ikiwa imelala. Hata mlevi hulitazama kwanza kabla hajajifunika. Mtoto mwenye kidonda apewe nini kizuri zaidi ya hicho?

Lereko akanibusu. Mchana kweupe, uani! Mama mkwe akakohoa ndani, na hakikuwa kikohozi cha ugonjwa. Ananitisha, huyu mama. Nikifagia, yeye hutazama nilipofagia, halafu hutazama ufagio.

30 Septemba

Mchoro umekamilika. Plasta zimepangwa kwenye karatasi zikiwa zimesimama wima, moja kando ya nyingine kama askari: katikati gunzi la mahindi la rangi ya haradali, na kulia na kushoto kwake mistari miwili inayopanda kutoka chini mpaka juu. Vitobo vimekuwa punje za mahindi! Vile vitobo vilivyomtesa, sasa vinamtumikia!

Nilikata kipande kimoja cha karatasi, nikakilaza juu ya mkono wangu, toka kiwiko kwenda kwenye kiganja. Mistari ikasimama. Lereko akanipiga picha. Kesho mchoro unaenda Durban kuchongewa rola ya kuchapia.

11 Oktoba

Mvua bado. Watu wamelima tayari, plau zimegeuza ardhi, na ardhi iko kifudifudi inangoja. Mama mkwe anatazama mbingu kama anavyoutazama ufagio wangu.

21 Oktoba

Rola imefika na wamechapa! Lereko ameniletea boksi zima kama zawadi, na nimelia. Rangi ya bluu ni bluu yenyewe. Nimebandika moja mkononi, moja kwenye goti, kwa urefu, na moja kwenye goti la Lereko, na tumekaa tukitazama magoti yetu kama wazazi.

Ameniambia kwamba Ntate Mokhothu alivua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena, akasema, "Hii itatufikisha." Hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

29 Oktoba

MVUA. Usiniulize kitu kingine.

4 Novemba

Naandika kwa shida kwa sababu ya kidole.

Nilikuwa nakata mboga asubuhi, kisu kikateleza, kikanikata kidole cha shahada mkono wa kushoto, huu unaoshika daftari. Si sana. Nikafurahi hata, aibu kusema, maana nilipata sababu ya kutumia plasta ya mume wangu kwa kazi yake halisi. Nikaizungusha, nikaibana vizuri, nikarudi kwenye mboga.

Mama mkwe akaingia kuchukua maji. Akauona mkono wangu. Akaweka ndoo chini, akashika kidole changu, akakigeuza upande huu, akakigeuza upande ule. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza nani amefiwa:

"Nani amekulaza, mkwe wangu?"

Sikuelewa. Nikatazama. Na nikaona.

Mistari ilikuwa imelala. Ilizunguka kidole changu kama pete, kama kamba, kama kitu cha kumfungia mnyama. Gunzi la mahindi lilikuwa limelala ubavu. Kwenye karatasi plasta ilisimama, kwa hiyo mistari ilisimama. Mkononi niliilaza kwa urefu, mistari ikasimama. Lakini plasta ya kidole haisimami. Plasta ya kidole huzunguka! Kila mtu anajua huzunguka! Tulikuwa watu wazima wangapi karakanani na nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeibandika kwenye kidole.

"Mama," nikasema, "ni za watoto. Watachomwa vidole."

"Najua ni za nini."

Akaibandua mwenyewe, polepole asiniumize, akafunga kidole kwa kitambaa cheupe. Kisha akachukua ndoo yake akaenda.

Wazo la mistari lilikuwa langu. Namngoja Lereko arudi.

5 Novemba

Jana aliporudi nilimwonyesha bila kusema. Nilibandika nyingine juu ya kitambaa, nikaunyosha mkono. Alitazama. Aliendelea kutazama. Halafu akakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake vya kazi, akaniomba maji.

"Ni mimi," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyesema mistari."

"Wewe ulisema mistari. Mimi ndiye niliyeilaza."

"Labda hawataona."

"Mama yangu aliona kwa sekunde ngapi?"

Zilikuwa mbili.

Plasta elfu tatu zimeshakatwa na kufungwa. Zahanati ya kwanza itazijaribu wiki ijayo.

7 Novemba

Lereko amemwambia Ntate Mokhothu. Nilidhani atafukuzwa. Mzee alizungusha plasta kwenye kidole chake mwenyewe, akasema, "Mama yangu angenipiga." Basi. Wameugeuza mchoro, kazi ya saa moja tu, saa moja! Lakini rola mpya lazima ichongwe Durban, na Durban wana foleni, kisha wanafunga kwa ajili ya Krismasi. Januari, wamesema. Shirika haliwezi kungoja Januari. Siku ya majaribio imeshatangazwa mpaka makanisani.

Kwa hiyo tutapeleka zilizolala. Ausi Keneuoe anasema tuombe Mungu watoto wote wachomwe magotini.

14 Novemba

Nimerudi kutoka zahanati ya milimani. Niliomba kwenda, Lereko akakubali. Laiti asingekubali.

Ni chumba kimoja chenye benchi refu la mbao ukutani. Walikuja mabibi, wote mabibi, maana mama za watoto wako kwenye viwanda vya nguo au ng'ambo ya mpaka. Kila bibi na mjukuu, kila bibi na blanketi, mistari imesimama toka miguuni hadi mabegani. Nilipoingia na kuona ile mistari yote iliyosimama ukutani kwa safu, nilitaka kugeuka nirudi nyumbani.

Mtoto wa kwanza alikuwa msichana mwenye kofia nyekundu. Nesi akamchoma, akalia, nesi akambandika plasta, na mtoto AKANYAMAZA. Aliinua kidole akakitazama. Akatabasamu! Akasema, "Bibi, mahindi!" Lereko alinishika mkono kwa nguvu. Kwa muda wa pumzi moja nilidhani tumeokoka.

Bibi yake akainama kutazama. Akasema, "Kweli, mahindi, mwanangu. Mazuri." Akamgeuza mtoto aangalie dirishani, na alipokuwa anaangalia dirishani akaibandua. Hakuitupa. Aliibandika kwenye benchi, kando yake, kwa uangalifu, imesimama wima, akaipapasa ishike.

Wa pili naye akafanya hivyohivyo. Hawakusemezana. Hakuna aliyegomba, hakuna aliyemlaumu nesi. Mmoja alimwambia nesi kwa heshima kabisa, "Asante binti yangu, amepona tayari." Mtoto alikuwa bado anatoka damu. Mwingine aliyejifunika blanketi la kijani alikuwa mcheshi: "Hii nzuri, hii! Hii ningeibandika kwenye sanduku langu la nguo. Lakini si kwa mtoto. Huyu tayari mfupi kama babu yake, mkimlaza tena ataingia ardhini."

Mabibi wakacheka. Nesi akacheka. Lereko pia akacheka, na kicheko hicho sikukipenda.

Nikamwendea bibi wa blanketi la kijani, nikapiga goti. "Bibi, na zikisimama?"

"Zikisimama?" Akatazama kitambaa changu cha kichwani, akaona mimi ni mke mpya. "Zikisimama, mwanangu, nitajichoma mwenyewe nibandikwe."

Kufikia adhuhuri benchi lilikuwa limejaa. Plasta thelathini na kitu, bluu na haradali, zote zimesimama wima kwenye mbao, zimepangika vizuri kuliko zilivyopangika kwenye karatasi ya Lereko. Lilikuwa benchi zuri kuliko mabenchi yote ya Lesotho. Mtu wa shirika, kijana mwenye kompyuta, alikuwa anaandika: imekataliwa, imekataliwa, imekataliwa. Nilitaka kumweleza. Ningemweleza nini? Aliniambia kwa upole, "Dada, mimi naandika tu zilizobaki kidoleni."

15 Novemba

Mvua siku nzima. Lereko hajasema kitu cha kuandika.

20 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nafua koti lake la kazi. Mfukoni kulikuwa na nakala ya fomu ya ofisi ya kuandikisha wachimba migodi, imejazwa kwa mwandiko wake mzuri, ule wa herufi zinazoinama kidogo kulia. Jina langu limeandikwa mahali pa mrithi. Tarehe: 6 Novemba. Siku mbili baada ya kuketi kwenye ngazi na kuniomba maji. Kabla ya zahanati, kabla ya benchi, wakati mimi bado napiga magoti asubuhi na jioni kuomba mabibi wawe na macho mabovu.

Nikamngoja na fomu mkononi.

"Ulishaamua," nikamwambia.

"Sijaamua. Nilitaka tu pawe na njia."

"Na mimi nilikuwa nafanya nini wakati wewe unatafuta njia?"

"Ulikuwa unaimba," akasema. "Sikuweza kukukatiza."

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na haki! Lakini alisema hivyo huku anavua viatu, na soksi yake ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na niliona mtu aliyechoka ambaye nimekuwa nikimwandika humu kama malaika tangu Agosti. Malaika hawajazi fomu. Nimemshonea soksi. Nampenda zaidi, na inauma zaidi. Sikujua vitu hivyo viwili hukaa kwenye nyumba moja.

27 Novemba

Mvua ya mawe, mchana, dakika kumi. Pichi zote chini, bado mbichi, zimepasuka. Mahindi yaliyokuwa yamefika magotini yamelala, shamba zima, kwa upande mmoja. Mama mkwe na mimi tulisimama mlangoni tukitazama. Hakuna unachoweza kuifanyia mvua ya mawe. Unasimama mlangoni tu.

Akasema, "Baba yao alikuwa anarudi kila Desemba. Nilikuwa nafika Januari ndiyo nimeanza kumzoea, naye anafunga sanduku. Miaka kumi na tisa nimeolewa na mgeni." Ni mara ya kwanza ananiambia jambo ambalo si kuhusu kufagia.

"Mama, mzuie."

"Nimzuie kwa kitu gani? Kwa ugali huu?" Akaonyesha shamba. Kisha akanivutia shali yangu mabegani, akainyoosha, kwa sababu ilikuwa imekaa upande.

5 Desemba

Barua imefika. Shirika limechukua zile za rangi ya ngozi, za kiwanda kingine.

6 Desemba

Ausi Keneuoe amekuja kuaga, anakwenda kutafuta kazi kiwanda cha suruali. Nilidhani atakuwa na mzaha. Alikuwa nao, lakini alipofika katikati akasahau mwisho wake, akanishika tu shavu.

Karakana haijafungwa kabisa. Ntate Mokhothu amebaki peke yake na mashine. Anasema rola mpya ameshaiagiza na hawezi kuikataa. Lereko anasema mzee ana kichwa kigumu. Mimi nasema mzee hana pengine pa kwenda.

13 Desemba

Lereko amepimwa kifua na masikio kwa ajili ya mgodi. Mzima kabisa. Nilitumaini, Mungu anisamehe, apatikane na kasoro ndogo. Hana. Nimeolewa na mwanamume asiye na kasoro, niliwaambia wote.

25 Desemba

Kanisa. Kuku. Kaptura mpya za watoto wa jirani. Lereko amewachorea mahindi mikononi kwa kalamu, watoto kumi na moja, kila mstari umesimama.

4 Januari

Ameondoka.

Niliamka kabla ya jua nikamchemshia maji, nikampikia uji mchachu anaoupenda, akala vijiko viwili. Mama mkwe hakuja mlangoni. Alikuwa ameshaenda shambani, kupanda maharage pale mahindi yalipolala, na kutoka mbali tuliona mgongo wake ukiinama na kuinuka. Lereko akasema, "Alikuwa anafanya hivi hata kwa baba." Akapunga mkono kwa ule mgongo. Mgongo haukugeuka.

Nilimsindikiza mpaka darajani Maputsoe. Nilikuwa nimeandaa maneno, kurasa mbili za maneno, na nilipofika pale nilisema, "Umebeba sabuni?"

"Nimebeba."

"Na soksi?"

"'Makarabo."

"Ndiyo."

"Rudi, jua litakuwa kali."

Wanawake wengine walikuwa wamesimama pale na shali zao, wengine wakubwa kama mama yangu. Mmoja alinisogelea baada ya foleni kumeza waume zetu. "Mara ya kwanza?" akaniuliza. Nikaitikia. "Usitazame ng'ambo muda mrefu," akasema, "wanaonekana wote sawa wakiwa kule, utamwaga machozi kwa mume wa mwenzio." Nilicheka, na huku nacheka nikalia, naye akangoja nimalize.

9 Januari

Nimefagia mara moja.

15 Januari

Ntate Mokhothu amekuja mwenyewe, kwa miguu, viatu vyekundu kwa tope. Rola mpya imefika. Amechapa peke yake, amekata peke yake, vipande vimekuwa na pembe zilizopinda kwa sababu Ausi Keneuoe hayupo. Akaniomba kidole. Nikampa. Akazungusha.

Mistari imesimama. Mifupi, mingi, imepangika kuzunguka kidole, na kila mmoja unapanda kuelekea ukucha. Gunzi limesimama. Mama mkwe alikuja kutazama, akakigeuza kidole upande huu na upande ule, akasema, "Sasa mtu anaweza kukua." Akaomba moja. Hakuwa na kidonda.

Nimefurahi na nimekasirika kiasi kwamba nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba.

22 Januari

Wamechukua.

Yule nesi wa milimani aliandika barua kwa shirika. Mabibi wamekuwa wakimsumbua wiki baada ya wiki: zile za mahindi ziko wapi, si mlisema mtazisimamisha? Na zile za rangi ya ngozi watoto hawazitaki. Shirika likamwomba Ntate Mokhothu boksi moja, wakapeleka, na hakuna hata moja iliyobaki kwenye benchi. Zahanati zote za milimani. Mwaka mzima. Ntate Mokhothu amemrudisha Ausi Keneuoe na anatafuta wengine wawili, na meza ya dirishani iko wazi.

Alinieleza yote haya akiwa amesimama uani, kofia mkononi, kisha akauliza, "Mkataba wake unaisha lini?"

"Desemba."

"Akiuvunja?"

"Hawamchukui tena. Na Moeketsi aliyemdhamini atawajibishwa."

Akatikisa kichwa. Akatazama ile kofia. "Siwezi kuiacha meza mpaka Desemba, binti yangu." Nikamwambia najua. Na kweli najua. Mabibi hawakukosea, mzee hakukosea, Lereko hakukosea kutafuta njia. Nimetafuta wa kumchukia tangu asubuhi na sijampata.

26 Januari

Jumapili, siku yake ya kupiga simu. Nimetafakari siku nne nimwambie au nisimwambie. Mama mkwe alisema nisimwambie, mwanamume aliye chini ya ardhi asipewe kitu cha kufikiria. Lakini mimi sijui kumficha Lereko kitu. Nilijaribu kumficha sweta ya siku yake ya kuzaliwa, nikashindwa ndani ya saa moja.

Alipiga saa tisa alasiri. Sauti za wanaume nyuma yake, redio, mtu anagombania sufuria. Akaniuliza habari za mama, nikasema mzima. Akaniuliza mvua, nikasema inanyesha vizuri. Akaniuliza mimi.

"Wamezichukua," nikasema. "Zilizosimama. Zahanati zote."

Redio ikaendelea kule kwake.

"Lereko? Mabibi wenyewe ndio walioziomba."

Ndipo akaanza kucheka. Alianza polepole, kisha kikapanda, kicheko kikubwa ambacho sijawahi kukisikia kwake tangu nimfahamu, na nikasikia wenzake wakimuuliza, "Lereko, kuna nini? Tuambie na sisi tucheke!" Akaendelea. Nami nikacheka kidogo, ili asiwe peke yake. Kisha nikaacha, nikasikiliza kwa makini, simu nimeibana sikioni kwa mikono yote miwili, kwa sababu sikuwa na hakika tena kwamba ni kicheko. Nikamwita jina. Mmoja wa wenzake alisema kwa sauti ya chini, "Zimeni redio."

Halafu salio lake likaisha.

Mimi sina salio la kumpigia. Duka litafunguliwa kesho.